Mwongozo kamili: namna ya kumuachia mtoto acheze mwenyewe nyumbani, hapa hapa Kigoma

Kila nikigusia swala la kumuachia mtoto acheze, majibu yanayorudi ni yaleyale matatu. Moja, "nilimuachia, dakika tano karudi ndani anadai simu." Mbili, "nilimuachia wakapigana nikawaingiza ndani." Tatu, "nilimuachia, bibi yake kanifokea, mtoto kawa kama katoka kufyatua tofali." Nimeongea na wazazi wa Gungu, Mwanga, mpaka kule Ujiji, na ukifika nyumbani kwa mtu ukaangalia unakuta tatizo ni lilelile: mtoto kaambiwa acheze ila hana muda wa kutosha, hana vitu vya kuchezea, alafu mtu mzima hajui yeye akae wapi. Mtoto mwenyewe wala hana neno.

Mchezo ninaouzungumzia hapa ni ule ambao mtoto anachagua mwenyewe acheze nini, na nani, kwa sheria gani, na aache saa ngapi. Ukimpanga mstari ukamwambia ruka kamba mara ishirini hayo ni mazoezi, ni mazuri tu, ila sio hiki. Mwongozo ni wa watoto wa miaka 2 mpaka 8 hivi, na kwa wale wa chini ya miaka 3 nitakuwa nasimama kutoa tahadhari zao.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze bila hivi, na karibu vyote havinunuliwi:

- Mchanga wa kujengea, toroli tano hivi, na chekeche la kuuchekecha
- Matofali au magogo ya kuzungushia huo mchanga, na turubai la kufunika
- Ndoo ndogo mbili au tatu, vikombe vya plastiki, sufuria iliyotoboka, miiko ya zamani
- Madumu ya lita 5 yaliyokatwa (mdomo uusugue na msasa mpaka usikate)
- Maboksi, makubwa kwa madogo
- Vitenge na khanga kuukuu, viwili vitatu
- Magunzi, mabua, vifuu, vijiti, vipande vya mbao vilivyopigwa randa, vizibo vya soda
- Tairi la gari lililokwisha, lisilochomoza waya
- Nguo za kuchezea, seti mbili, ambazo hata zikichanika hakuna atakayelia
- Ndoo ya maji yenye bomba na sabuni, iwe palepale nje

Umeona midoli haipo. Sijaisahau. Mdoli wa kuimba ukibonyezwa kazi yake ni moja tu, mtoto anabonyeza, unaimba, anabonyeza tena, siku ya tatu kautupa na we pesa yako imeenda. Boksi leo ni boti la Kibirizi, kesho ni duka, keshokutwa ni chumba cha mgonjwa. Kitu kisichojulikana ni cha nini ndo kinamlazimisha mtoto afikirie, na hapo ndo kujifunza kwenyewe kulipo.

## Hatua ya 1: Tafuta muda kwanza, uwanja baadae

Watu wengi wanakimbilia kununua vitu. Anza na saa. Mtoto anahitaji kipande cha muda kisichokatwa, angalau dakika 45, saa nzima ni bora zaidi. Sababu ni kwamba mchezo wa maana unachelewa kuanza. Ukiwatazama watoto wanaocheza baba na mama utaona muda mwingi wa mwanzo unaishia kwenye kubishana nani awe mama, nyumba iwe wapi, jiko liwe wapi, nani kazaliwa nani hajazaliwa. Wakimaliza kupanga ndo wanaanza kucheza. Sasa we ukimuita akaoge dakika ya ishirini na tano umemkatia palepale alipokuwa anaingia, na ukifanya hivyo kila siku anazoea kutoanzisha kitu kirefu.

Hapa kwetu tuna bahati moja ambayo watu hawaitumii. Kigoma iko magharibi mwisho wa nchi, saa tunatumia ya Dar, kwaiyo jua linazama huku karibu saa moja jioni. Mtoto wa darasa la awali au la pili akirudi, akala, akapumzika, bado una mwanga kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili na nusu. Huo ndo muda wenyewe. Giza likianza kuingia warudishe ndani, kombolela ya gizani ni tamu sana mi mwenyewe nakubali ila mkoa wetu ni kati ya ile yenye malaria nyingi na mbu wake wanapenda usiku.

Kwa kujua tu, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 linasema mtoto wa miaka 3 na 4 awe na dakika 180 za kujishughulisha na mwili kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kuhema kabisa, na skrini isizidi saa moja. Mtoto mwenye uwanja na wenzake anazifikisha hizo bila mtu kuhesabu.

Imefanikiwa ukiona: una kipande cha muda kwenye ratiba ya nyumba ambacho hata dada wa kazi anakijua, na tuisheni haijakimega.

## Hatua ya 2: Zunguka uwanja kwa magoti

Kwa magoti kweli, sio maneno. Chuchumaa uwe na urefu wa mtoto alafu zunguka, utaona mambo ambayo ukisimama huyaoni. Hivi ndo vya kutafuta:

Minyaa. Nyumba nyingi zimezungushiwa minyaa kama ua. Utomvu wake ule mweupe ukiingia jichoni ni hatari, unaunguza na unaweza kuharibu macho, na watoto wanapenda kuuvunja kwasababu unatoa "maziwa" ya kupikia. Kama huwezi kuung'oa weka kizuizi cha mabua kabla yake, na mfundishe mtoto mmea huu kwa jina. Ukimuingia jichoni mwagia maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, alafu hospitali.

Mbarika. Mbegu zake zenye madoadoa zinavutia kama shanga na ni sumu. Ng'oa yote.

Maji. Mtoto mdogo anazama kwenye maji ya sentimita chache, ndoo inatosha. Kwaiyo madumu yafungwe, karai limwagwe, kisima na shimo la choo la zamani vifunikwe na kitu ambacho mtoto hawezi kukisogeza. Bati lililolala tu juu ya shimo sio kifuniko.

Moto na mawese. Kama hapo nyumbani mnachemsha chikichi au mnakamua, siku hiyo watoto wanacheza upande mwingine kabisa. Pipa la mawese ya moto na watoto wanaokimbizana havikai uwanja mmoja, hapa hamna cha kujadili.

Makopo ya dawa. Kopo lolote lililokuwa na dawa ya shambani au ya kuulia wadudu haliingii kwenye vitu vya kuchezea hata ukiliosha na maji ya moto mara kumi. Mifuko ya simenti nayo hivyohivyo, vumbi lake linaunguza ngozi na macho. Na zile betri ndogo za kitufe zikimezwa zinaunguza koo la mtoto ndani ya masaa machache, zitafute kwenye midoli mibovu uzitoe, na ukihisi kameza usisubiri atapike, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Vumbi la funza. Uwanja mkavu wenye vumbi jingi unyunyizie maji na ufagie kabla ya saa ya mchezo, na mtoto avae ndala. Jioni kagua vidole.

Kuna wazazi wakisoma hii orodha wanakata tamaa wanasema basi abaki ndani. Sio hivyo. Kazi ya hatua hii ni kutoa vile ambavyo mtoto hawezi kuviona kuwa ni hatari. Vile anavyoviona, mfano gogo la kuruka, tawi la mwembe la chini, kijilima cha kuteremka mbio, hivyo viache. Hapo ndo anapojifunza kupima mwili wake, aruke au asiruke, na mtoto ambaye hajawahi kuanguka kidogo akija kuanguka anaanguka vibaya.

Sheria ya kupanda ni moja na ni rahisi kuikumbuka: mahali ambapo hawezi kufika mwenyewe usimpandishe. Akipanda kwa nguvu zake mara nyingi anajua na njia ya kushuka. Ukimnyanyua we umempeleka sehemu ambayo mwili wake haujui kurudi. Mpapai usipandwe kabisa, ni laini ndani.

Imefanikiwa ukiona: unaweza kukaa barazani ukamenya mihogo bila kuinuka kila dakika kupiga kelele "wewe acha hiyo!"

## Hatua ya 3: Weka mchanga

Chagua sehemu yenye kivuli, kama una mwembe umeshinda. Panga matofali upate boksi la mita moja kwa moja na nusu, kina sentimita 20, hapo toroli tano zinatosha. Chekecha mchanga kwanza maana wa kujengea huwa unakuja na misumari, vioo na mifupa.

Alafu uloweshe kidogo. Wengi wanafeli hapa, wanaweka mchanga mkavu, mtoto anajaribu kujenga unaporomoka, anaanza kuurusha, mwingine unamuingia machoni, mchezo umekufa. Mchanga mbichi kidogo, ule unaoshikana ukiufinya mkononi, unajengeka na haurushiki vizuri. Kopo moja la maji kila jioni linatosha, na ukimuachia mtoto hilo kopo alimwage mwenyewe atagundua peke yake kwamba maji kidogo hayashiki na maji mengi yanafanya uji. Hiyo ni sayansi na hujamfundisha mtu.

Mchezo ukiisha funika na turubai. Paka wakigundua choo kipya umeumia, na kinyesi chao kina minyoo. Dawa ya minyoo inayotolewa pamoja na vitamini A kila miezi 6 usiikose.

Na tafadhali, kuwapeleka ufukweni wakacheze wenyewe sio mbadala wa hii hatua. Ziwani mnaenda pamoja na mtu mzima anayeangalia maji, sio anayeangalia simu. Mbali na kuzama kuna kichocho kwenye maji ya kandokando yenye majani na konokono, na maeneo mengine mamba wapo.

Imefanikiwa ukiona: asubuhi unakuta mashimo, barabara na vilima ambavyo hujui ni nini, na mtoto anakataza visivunjwe.

## Hatua ya 4: Mwaga vitu, usivipange

Vile vitu vya kwenye orodha viweke sehemu moja, kwenye tenga au boksi kubwa lililo wazi. Usipange "kona ya jiko", "kona ya duka". Ukishapanga kona umeshaamua mchezo. Viache vichanganyike, sufuria iwe juu ya tairi, kitenge kiwe chini ya mbao.

Usitoe vyote siku moja. Toa nusu, nusu ficha stoo, baada ya wiki mbili badilisha. Vitu vikiwa vingi mno mtoto anashika hiki anaacha anashika kile, hazami popote.

Kwa wa chini ya miaka 3: kitu chochote kinachopita ndani ya lile bomba la katikati la toilet paper ni kidogo mno kwake, kinaweza kumkaba. Kwaiyo mise (kokwa za chikichi), gololi, vizibo na kokoto vinakaa kwenye kopo la wakubwa lenye mfuniko. Kamba ndefu hakuna, na hata kwa wakubwa kamba haifungwi shingoni kwa mchezo wowote, wala haining'inii kwenye mti bila mtu mzima kuwepo. Mashada ya chikichi yaliyokwisha kupukuchuliwa yana miiba, usiweke. Tairi litoboe matundu chini maji yatoke, la sivyo unafuga mbu.

Imefanikiwa ukiona: kitu kimoja kimetumika kwa kazi mbili tofauti ndani ya siku moja.

## Hatua ya 5: Ongea na wakubwa wa nyumba kabla hujaanza

Hii hatua haipo kwenye vitabu vya wazungu ila huku ukiiruka umefeli. Nyumba zetu zina bibi, shangazi, baba mdogo, majirani. We unasema mtoto acheze, bibi anasema mtoto mzuri ni yule aliyetulia na nguo safi. Mtoto anabaki katikati.

Muendee bibi kabla, kwa adabu, sio siku ambayo mtoto kashachafuka. Kitu kama: "Shikamoo mama. Nimeona nimtengee mjukuu wako sehemu ya kuchezea pale chini ya mwembe, na nguo zake za kuchezea nimezitenga, hizi nzuri hazitaguswa. Naomba unisaidie jicho tu, akiwa salama tumuache." Hapo umempa kazi na umempa heshima yake. Na ukimuuliza wao walikuwa wanacheza nini walipokuwa wadogo, mdako, rede, magari ya mabua, utakuta yeye ndo anawafundisha watoto kesho yake. Bibi akiwa upande wako umemaliza kazi.

Kama kuna baba anayesema "anapoteza muda badala ya kusoma", mwambie akae mbali atazame watoto wakicheza duka la dagaa. Wanapima kwa kopo, wanapunguziana, wanakopeshana, anayeuza anakumbuka nani anadaiwa. Hesabu hiyo. Anayeigiza dereva wa bajaji inabidi akae amekaa kwenye boksi "mpaka abiria wajae" hata kama miguu inamuwasha kukimbia, na kule kujizuia ndo kulekule anakohitaji ili akae darasani amsikilize mwalimu. Akikataa bado, mkumbushe kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka kucheza na kupumzika kwenye vitu ambavyo mzazi ana wajibu wa kumpa mtoto, pamoja na chakula na matibabu. Mi hiyo naitumia ya mwisho kabisa, ukianza nayo unaonekana umekuja na mgambo.

Na hapa niseme kitu. Mabinti. Saa ya mchezo ikifika kaka anaenda kwenye chandimu, dada wa miaka 7 anaambiwa aoshe vyombo alafu abebe mdogo wake mgongoni, na huku tunasema watoto wanacheza. Wanacheza nusu ya watoto. Kazi za nyumbani ziwepo, kwa wote, ila zipangiwe muda wake, na ile saa moja iwe ya wote.

Imefanikiwa ukiona: mtoto kachafuka, bibi kamuona, kaguna tu.

## Hatua ya 6: Waachie, na we tafuta kazi ya kufanya

Hii ndo hatua wanapoanguka wengi, na wanaoanguka zaidi ni wazazi wazuri, wale wanaojali. Mtoto kaanza kucheza, mama anasogea, "Enhee, hii ni rangi gani? Hesabu tuone, moja, mbili... Hii inaitwaje kwa kiingereza?" Mtoto anajibu swali la kwanza, la pili anaangalia pembeni, la tatu anaondoka. Umegeuza mchezo kuwa mtihani, na yeye mtihani kautoka shuleni sasa hivi.

Kwaiyo jipe kazi ya mikono. Chambua dagaa, chagua mchele, suka mkeka, fua. Kaa mahali unapowasikia na unawaona kwa jicho la pembeni. Ukiwa na kazi hutawaingilia, na wao wakikuona upo lakini una shughuli zako wanatulia. Simu haifai kwa kazi hii, ukiishika humuoni mtoto, na yeye akiiona anaitaka.

Akija kukuonyesha kitu, sema unachokiona tu. "Naona umeweka maji humu." Basi, nyamaza. Yeye atamalizia, na anapomalizia ndo lugha inakua: "Ee, hii ni meli ya Liemba, imebeba watu na mbuzi, inaenda Zambia lakini imeharibika." Ungesema "waoo boti nzuri!" angesema asante akaondoka, na pengine haikuwa boti.

Akikualika uingie kwenye mchezo, ingia, ila uwe mdogo. Muulize "mi ni nani?" fanya unachoambiwa, ukipewa chai ya mchanga kunywa sema imekolea, alafu ukipata upenyo toka. Usianze kurekebisha kwamba nahodha haendeshi hivyo.

Sasa kuna michezo inayowatisha watu wazima. Watoto wakitoka msibani kesho yake wanacheza mazishi, wanamfunika mwenzao kitenge, wanalia, na bibi anapiga kelele kwamba wanaita balaa. Waache. Wameona kitu kikubwa hawakukielewa, wanakirudia mpaka kikae sawa kichwani. Sogea tu uone aliyefunikwa anapumua vizuri na anataka kuwepo pale. Kucheza vita nako hivyohivyo, alimradi fimbo haigusi uso. Kwenye baba na mama weka sheria mbili tu na zisibadilike: mchezo unachezwa mahali pa wazi, na nguo zinabaki mwilini.

Imefanikiwa ukiona: wamekusahau.

## Hatua ya 7: Akisema "nimeboreka"

Atasema. Hasa mtoto aliyezoea katuni, siku za mwanzo atazunguka, atalalamika, atakaa chini akichimba ardhi na kijiti kwa hasira. Hapo ndo mzazi anavunjika moyo anatoa simu, na mtoto kajifunza kwamba kulalamika dakika tano kunatoa simu.

Fanya hivi. Usimpe mchezo, usimpe simu, usimfokee. Mwambie "Sawa. Vitu vile pale, mi nipo hapa," alafu endelea na dagaa wako. Kile kipindi cha kukaa bure kina kazi yake, ni kama injini ya boti ikipigwa kamba mara ya kwanza na ya pili kabla haijashika. Kama baada ya muda mrefu bado kakwama kabisa, fanya kitu kimoja bila kusema neno: weka boksi juu ya tairi, au tandika kitenge juu ya kamba ya kuanikia kiwe kama kibanda, ondoka. Mara nyingi inatosha.

Dawa kubwa kuliko zote ni mtoto mwingine. Waite wa jirani. Na usiwatenganishe kwa umri, wa miaka 7 anamfundisha wa miaka 4 sheria, wa miaka 4 anamlazimisha wa miaka 7 aeleze vizuri. Ila ujue wa miaka 2 bado anacheza pembeni ya mwenzie kuliko kucheza naye, kila mmoja na kopo lake. Sio kwamba hana upendo, ndo umri wake. Kwa umri huo toa vitu viwili vinavyofanana, kumlazimisha agawane utavuna vilio tu.

## Hatua ya 8: Wakigombana

Wakianza kelele hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla hujainuka. Ugomvi mwingi unaisha kwenye saba. Wanabishana nani kaiba zamu kwenye mdako, na ule ubishi wa sheria ni somo ambalo hakuna darasa linalolitoa, kujitetea kwa maneno, kuachia kidogo ili mchezo uendelee, kujua kwamba ukizidi ubabe watu wanakuacha peke yako.

Inuka haraka kama kuna: jiwe au fimbo mkononi, kung'ata, mkubwa anamuonea mdogo asiyeweza kutoka, au wote wamemkalia mmoja kila siku yuleyule.

Ukifika usiwe hakimu. Ukiuliza "nani kaanza?" utapata mashahidi sita na wote waongo. Chuchumaa katikati sema unachokiona: "Ndoo moja, watu wawili. Mnafanyaje?" Alafu subiri, hata kama kimya kinakuwasha. Wakikosa jibu shika ndoo mpaka walipate. Wenyewe huwa wanakuja na utaratibu ambao we usingeufikiria, wa ajabu ajabu, lakini wanaufuata kwasababu ni wao.

Imefanikiwa ukiona: wanagombana, wanasuluhishana, na wanarudi kwenye mchezo uleule bila kukuita.

## Hatua ya 9: Kufunga

Toa taarifa kabla, "bado kidogo, mzungushe boti la mwisho." Usikate ghafla. Vitu virudi kwenye tenga, na wao ndo wanarudisha. Kama wamejenga kitu hawajamaliza, kiache mpaka kesho, mchezo unaoendelea siku tatu ni mkubwa kuliko mitatu ya siku moja moja. Mikono na sabuni, vidole vya miguu vikaguliwe, nguo za kuchezea kwenye ndoo yake.

## Mvua na masika

Kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili uwanja wetu unakuwa tope. Mvua ya kawaida isiyo na radi, wakiwa na joto mwilini na nguo za kubadilisha zipo, waache wachezee tope, homa hawaipati kwenye tope. Radi ikianza wote ndani, na hakuna kujificha chini ya mwembe. Siku za kushinda ndani tumia baraza: maboksi, vitenge, na finyango la unga wa ngano, chumvi na maji. Boksi moja la friji lililoombwa dukani linaweza kuwashikilia wiki nzima.

## Kama hachezi kabisa

Watoto wanatofautiana, kuna mpole anayetazama wenzie muda mrefu kabla ya kuingia, huyo muache atazame, kutazama nako ni kushiriki. Ila mtoto akifika miaka 3 na haigizi kitu chochote, hajali watoto wengine kama wapo, ukimwita jina hageuki, au alikuwa anaongea na kucheza akaacha, mpeleke kliniki wamuangalie, masikio kwanza. Usisubiri "atakua tu."

## Kwa wanaomuacha mtoto kituoni

Wengi mnafanya kazi mchana kutwa na mtoto anashinda day care, kwaiyo haya ya nyumbani mnapata jioni na wikiendi tu. Ukienda kukagua kituo usidanganywe na ukuta uliochorwa katuni. Omba ratiba ya siku uisome. Tafuta kipande cha mchezo wa nje ambacho mwalimu haongozi, kama kimeandikwa "break dakika 15" hicho hakitoshi hata kugawana nafasi za baba na mama. Angalia kama vitu vya kuchezea vipo chini mtoto anapofikia au vimepangwa juu ya kabati kwa ajili ya wageni. Na wakikuonyesha bembea mpya inayong'aa, uliza watoto wanaikalia muda gani kwa siku, alafu angalia ardhi chini yake kama imechimbika.